Waya za Meno Haziumbi Uso Mpya

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, mwite mtoto wako aliye karibu. Mwambie asimame ubavu, umwone uso kwa upande mmoja. Afunge mdomo bila kujikaza. Sasa mtazame vizuri.

Uso wake una sehemu tatu. Ya kwanza inaanzia nywele zinapoota mpaka kwenye nyusi. Ya pili inatoka kwenye nyusi mpaka chini ya pua. Ya tatu inatoka chini ya pua mpaka ncha ya kidevu. Zipime kwa vidole vyako. Kwa watu wengi sehemu hizi zinakaribiana kwa urefu. Ukikuta moja imezidi kidogo, usishtuke. Hakuna mtu aliyechongwa kwa rula.

Nimekupa kazi hiyo kwa sababu leo tunazungumza juu ya waya za meno. Waya hizo zinafanya kazi katika sehemu ya tatu tu, ile ya chini. Paji la uso haziligusi. Macho haziyagusi. Pua ya mtoto itabaki ile aliyorithi kwa baba au kwa bibi yake. Nasema hivi kwa kuwa siku hizi vijana wanaonyeshana katika simu picha mbili za mtu mmoja. Ya kwanza ilipigwa kabla ya waya, ya pili baada ya waya, na uso umebadilika kweli. Lakini angalia umri. Mara nyingi picha ya kwanza ni ya mtoto wa miaka 12, na ya pili ni ya kijana wa miaka 16. Katika miaka hiyo minne mtoto amekua. Kidevu kimetoka, pua imerefuka, mashavu ya kitoto yamekwisha. Ukuaji umefanya kazi yake, na sifa zimekwenda kwa waya.

Baba mmoja alikuja kituoni kwetu na watoto wake wawili. Wa kwanza alikuwa binti wa darasa la sita. Wa pili alikuwa mvulana, mdogo wake, ambaye alikuja kwa sababu tu hakukuwa na mtu wa kumwachia nyumbani. Binti alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Shuleni wenzake wamempa jina baya kwa ajili ya midomo yake. Baba akaniuliza: "Daktari, mimi nina ng'ombe wawili. Nikiuza mmoja tukaenda mjini akafungwa waya, mtoto huyu atapata uso kama wenzake?"

Swali hilo ni zito. Ng'ombe mmoja ni maziwa ya watoto, ni ada, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Kwa hiyo nililazimika kumweleza mzee yule waya zinafanya nini hasa, nami nakueleza wewe vile vile.

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi laini sana zilizo kati ya mzizi wake na mfupa. Ukilisukuma jino kwa nguvu ndogo, mchana na usiku, mfupa ulio upande linakoelekea unaliwa polepole, na upande linakotoka mfupa mpya unajengwa. Hivyo jino linatembea ndani ya mfupa. Linatembea taratibu, kama milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana kazi hii huchukua mwaka mmoja na nusu, miaka miwili, wakati mwingine zaidi. Ukilisukuma kwa nguvu nyingi ili umalize upesi, unauumiza mzizi. Waya yenyewe inapita mbele ya meno, imeshikwa na vipande vidogo vilivyogandishwa kwa gundi, na daktari huikaza au kuibadili kila baada ya wiki kadhaa.

Sasa je, uso? Midomo imeegemea meno, kama turubai lilivyoegemea nguzo. Nguzo zikisogea nyuma, turubai nalo hurudi. Lakini mdomo haurudi sawasawa na meno. Hurudi pungufu, na mdomo mnene hurudi pungufu zaidi kuliko mdomo mwembamba. Tena, ili meno ya mbele yapate mahali pa kurudi, mara nyingi daktari hung'oa meno manne mazima, yale madogo yaliyo nyuma ya chonge, mawili juu na mawili chini. Mzazi wa binti yule hakujua hilo. Alidhani waya hufungwa, basi. Nilipomwambia kwamba huenda bintiye angeng'olewa meno manne yasiyo na tundu hata moja, alikaa kimya.

Hata wakubwa wa kazi hii walibishana juu ya jambo hilo. Waya za meno za namna hii zilistawi sana Marekani. Mtu aliyeweka misingi yake huko alikuwa daktari Edward Angle. Mwaka 1899 alichapisha mpango wa kuyagawa meno yaliyokutana vibaya katika mafungu matatu, na mpango huo unatumika hadi leo. Angle alishikilia kwamba jino lising'olewe. Meno yote yakipangwa mahali pake, alisema, uso nao utapata uzuri wake. Katika kutafuta mfano wa uso mzuri, aliwahi kutumia sanamu ya kale ya Ulaya, ya mungu wa Wagiriki aitwaye Apollo. Sanamu ya jiwe, ndugu msomaji! Jiwe halitafuni wala halicheki.

Angle alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Charles Tweed, aliyefanya kazi katika jimbo la Arizona. Tweed alifuata mafundisho ya mwalimu wake, kisha akawatazama tena wagonjwa wake baada ya miaka kadhaa. Hakufurahi. Wengi meno yao yalikuwa yamepangwa bila kung'olewa hata moja, lakini kwa kuwa taya halikuwa na nafasi, meno yalisukumwa mbele na midomo ikatokeza. Tena baadhi ya meno yalirudi kupindana. Katika miaka ya 1930 na 1940 Tweed aliwarudia wagonjwa, akawang'oa meno manne manne, akawafunga waya upya, midomo ikarudi nyuma. Madaktari wengi wakamfuata. Baadaye wengine wakalalamika kwamba meno yanang'olewa kupita kiasi na nyuso zinabonyea. Ubishi huo haujaisha kabisa.

Kwa hiyo waya zinaweza kusogeza midomo mbele au nyuma, kwa kadiri ya uamuzi wa daktari. Tunapaswa kuuliza uamuzi huo unatolewa kwa kipimo gani.

Mwaka 1931 ilipatikana njia ya kupiga picha za eksirei za kichwa kwa upande, kichwa kikiwa kimeshikwa mahali pamoja kila mara. Kwa picha hizo madaktari waliweza kuchora mistari na kupima pembe: kidevu kiko wapi, meno yameinama kiasi gani. Hiyo ni njia nzuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini mtu akipima lazima awe na mfano wa kulinganisha. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, William Downs, alichapisha vipimo vya nyuso zenye meno yaliyokutana vizuri. Vipimo hivyo vilienea duniani. Je, alipima watu wangapi? Ishirini. Wote walikuwa Wazungu, wa miaka 12 hadi 17.

Nataka utue hapo ufikiri. Watoto 20 wa Kizungu. Ukiuweka uso wa mtoto wa Kigogo, wa Kisukuma au wa Kimakonde juu ya mistari ile, karibu kila mara utaambiwa kwamba meno yake yametokeza na midomo yake imezidi. Ni sawa na kumpima mbuzi kwa kamba iliyofungwa kwenye shingo ya kondoo, kisha kusema mbuzi ana kasoro. Mwaka 1989 vilichapishwa vipimo vya watoto wa Kikuyu wa Kenya, jirani zetu. Vilionyesha kwamba meno yao ya mbele yameelekea mbele zaidi kuliko ya Wazungu. Hao hawakuwa wagonjwa. Huo ndio uso wao. Madaktari waliosoma vizuri wanalijua jambo hili siku hizi, na kila jamii inapimwa kwa vipimo vyake. Lakini picha za katika simu hazijalijua, na wale watoto wa darasa la sita wanaomcheka mwenzao hawajalijua.

Nilimketisha binti yule kwenye benchi, nikamwangalia kinywani. Magego ya juu na ya chini yalikutana sawasawa. Meno ya mbele yalikata vizuri. Hakuna jino lililopanda juu ya jingine. Midomo yake ilikuwa minene na ilifunga yenyewe bila kujikaza. Mtoto yule hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na uso wa mama yake, na mama yake aliolewa na baba huyu huyu akiwa na uso ule ule. Nilimwambia baba hivyo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipoingia.

Wapo watakaosema kwamba mtoto anayechekwa anaumia moyoni, na kwamba maumivu hayo nayo ni ugonjwa. Sipingi. Akifika utu uzima na akitaka mwenyewe, na ana uwezo wake, na atafungua masikio asikie kwamba meno manne yatang'olewa, hiyo ni hiari yake. Hata mwanya wa meno ya mbele, ambao kwetu wengi wanausifu kuwa ni urembo, kuna mahali watu wanalipa ili uzibwe. Uzuri una wenyewe. Lakini mtoto wa miaka 12 asing'olewe meno mazima kwa sababu ya jina alilopewa uwanjani. Hapo anayehitaji kutengenezwa ni mtoa jina, na mwalimu wa darasa anatosha kwa kazi hiyo.

Nilikuwa karibu kuwaaga. Ndipo yule mvulana akapiga miayo.

Meno yake ya juu yalikuwa yametokeza mbele sana. Nilichukua penseli, nikailaza kati ya meno yake ya juu na ya chini akiwa ameuma. Iliingia yote, na nafasi ikabaki. Meno ya chini yalikuwa yanauma nyama ya juu ya kinywa, nayo ilikuwa na kidonda. Hakuweza kufunga midomo bila kukunja kidevu. Na jino moja la mbele lilikuwa limevunjika ncha. Baba akasema aliangukia jiwe akicheza mpira. Hakuna aliyelitilia maanani. Ni mvulana, na wavulana huanguka.

Msomaji, huyu ndiye aliyehitaji waya. Meno yaliyotokeza namna hiyo huvunjika kwa urahisi zaidi, kwa sababu mtoto akianguka yanafika chini kabla ya mdomo. Hapa hatushindani na uzuri wa Apollo. Hapa kuna kidonda, kuna jino lililovunjika, na mengine yatafuata.

Mtoto kama huyu, ambaye bado anakua, anaweza kupewa kifaa cha kuvaa na kuvua. Kuna kimoja kilichobuniwa mwaka 1977 na daktari William Clark wa Uskoti. Ni vipande viwili vya plastiki, kimoja juu na kimoja chini, vyenye miteremko inayokutana. Mtoto akiuma, taya la chini linalazimika kuja mbele. Wengi walitumaini kwamba kifaa cha namna hiyo hurefusha taya na kumpa mtoto kidevu kipya. Huko Uingereza walifanya jaribio kwa watoto wa miaka 8 hadi 10, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Meno ya juu yalirudi vizuri sana. Watoto walijisikia vizuri zaidi juu ya sura zao. Lakini walipopima, waliona kwamba sehemu kubwa ya badiliko ni meno yaliyosogea. Mfupa ulichangia kidogo. Baadaye waliwalinganisha na wenzao waliosubiri mpaka walipokaribia kubalehe, wakaona kwamba mwishowe meno yao yalikutana sawa tu.

Maana yake kwako ni hii. Usikimbilie mjini mtoto akiwa na miaka 8, isipokuwa meno yamo katika hatari ya kuvunjika au kuna kidonda. Na usisubiri mpaka awe na miaka 20, maana mifupa ikishakomaa, taya lililo fupi haliwezi kuvutwa kwa waya. Hapo hubaki kuficha kasoro kwa kusogeza meno, au upasuaji mkubwa wa mfupa. Taya la juu lililo jembamba ni vivyo hivyo. Kwa mtoto, katikati ya kaakaa pana mshono ambao haujakaza. Daktari huweka kifaa chenye skrubu, mzazi anaizungusha kwa ufunguo mdogo kila siku, na taya linapanuka. Usiogope ukiona mwanya unatokea katikati ya meno ya mbele. Ni dalili kwamba mshono umefunguka, nao utajifunga. Kwa mtu mzima mshono huo umeshakaza.

Yako mambo yanayoharibu sehemu ya chini ya uso, nasi tunayatenda wenyewe nyumbani. Mtoto akinyonya kidole mpaka meno ya ukubwani yanapoota, kiasi cha miaka 6 au 7, meno ya juu husukumwa mbele na ya chini kurudishwa nyuma. Akiacha mapema, mengi hujirekebisha. Usimpake pilipili kidoleni. Mshughulishe mikono, na umsifu siku asiponyonya. Meno ya utoto nayo yanashika nafasi ya wenzao wanaokuja. Gego la utoto likioza na kung'olewa mapema, yaliyo nyuma huinama mbele na kuziba njia. Baadaye jino jipya litaota pembeni, na utaambiwa mtoto ana meno mengi kuliko taya.

La tatu linanitia uchungu zaidi. Tangu miaka ya 1980 imeenea imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana "meno ya nailoni," au "meno ya plastiki." Watu huchimba fizi zake kwa wembe, kisu au spoku ya baiskeli. Vile vivimbe vinavyoonekana katika fizi ni vichipukizi vya chonge, ambavyo kila mtoto anavyo. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa vidonda vilivyoingia sumu. Waliopona wengine hukua bila chonge, au huota chonge zilizoharibika, na meno ya jirani yanahama. Kuhara kunatibiwa kwa maji yenye chumvi na sukari ya kipimo, na kwa kwenda zahanati. Hakukai katika fizi.

Nilimwandikia yule baba barua ya kumpeleka mvulana hospitali ya mkoa, na kutoka huko aelekezwe kwa daktari bingwa wa kupanga meno. Madaktari hao ni wachache, wengi wako katika hospitali kubwa za mijini kama Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla hajauza chochote nilimwambia ahesabu mambo mawili. Bei ya kifaa ni moja. Nauli ni la pili, nayo wengi huisahau. Mtoto atarudi kila baada ya wiki kadhaa kwa muda wa mwaka au miaka. Mwenye nauli ya safari moja tu, aliyefungwa waya kisha asirudi, atapata hasara kubwa kuliko asiyefungwa kabisa. Waya isiyoangaliwa husogeza meno kusikotakiwa, na chakula kinachonasa huozesha meno. Yapo madoa meupe yanayobaki milele pale ambapo mswaki haukupita. Wakati wa waya, muwa wa kung'wafua, mahindi makavu ya kukaanga na mifupa ya kutafuna viwekwe kando.

Ukifika kwa daktari bingwa, usione haya kuuliza. Muulize: Mtoto wangu ana tatizo gani la kuuma au kutafuna? Je, utang'oa meno, mangapi, na kwa nini? Midomo yake itakuwaje? Umempima kwa kipimo cha watu gani? Kazi itachukua muda gani, na nije mara ngapi? Daktari mwema hatachukia. Akikujibu kwamba tatizo ni sura tu, rudi nyumbani ukafikiri kwanza.

Waya zikishatolewa, kazi haijaisha. Meno yana kawaida ya kutaka kurudi yalikotoka, hasa katika miezi ya mwanzo. Mtoto atapewa kishikizo cha plastiki cha kuvaa usiku. Akikivua akiweke katika kikopo chenye mfuniko, asikifunge katika karatasi, maana karatasi hutupwa pamoja na takataka. Akisafishe kwa mswaki na maji baridi. Maji ya moto hupinda plastiki, na kishikizo kilichopinda hakiingii tena kinywani.